Chupa ya Maji Chini ya Kiti

Mtoto wa mdogo wangu ana umri wa miaka sita, na aghalabu hurejea kutoka madrasa akiwa na kiu. Adhuhuri moja ya mwezi wa Shaaban alipanda gari la baba yake, akaona chini ya kiti chupa ya maji ya dukani, ya aina ile ile anayonunuliwa kila siku. Alikwisha kufungua kizibo pale mama yake alipogeuka na kumpokonya. Ndani ya chupa ile hamkuwamo maji. Mlikuwamo dawa ya kung'arisha vigae, iliyomiminwa humo kutoka katika dumu kubwa, kwa kuwa dumu lenyewe lilikuwa limefunikwa na mizigo na kulitoa kulikuwa kazi ya nusu saa.

Mdogo wangu na mkewe hufanya kazi ya usafi jijini Dar es Salaam. Huosha mazulia, makochi na magodoro majumbani, na Shaaban ndio msimu wao, maana misikiti mingi hupenda kuipokea Ramadhani mazulia yakiwa masafi. Gari lao ni Suzuki Carry ya bodi iliyofungwa, lile ambalo watu wa mjini huliita kirikuu. Asubuhi hubeba mashine, mchana hubeba watoto. Familia nyingi zenye biashara ndogo huishi hivyo, wala sioni aibu ndani yake. Gari lililopo ni hilo moja.

Aliyenipigia simu jioni ile hakuwa mdogo wangu bali mkewe. "Shemeji," alisema, "ndugu yako anataka tukope tununue gari kubwa zaidi. Mimi naona hili halijajaa, ila limevurugika. Njoo utuamulie."

Sikwenda kuamua, nilikwenda kushusha mizigo. Jumapili, baada ya sala ya Alfajiri, tulitandika turubai uani tukatoa kila kilichokuwamo, hata kipande cha zulia kilichofunika sakafu. Jua lilipopanda tulikuwa tumezungukwa na vitu ambavyo wenyewe walishangaa kuviona: mipini mitatu ya madekio isiyo na madekio, madumu matupu ambayo hayakutupwa kwa sababu "huenda yakafaa", mpira wa maji uliopasuka, brashi nne za namna moja zilizonunuliwa moja baada ya nyingine kwa kuwa ile ya kwanza haikuonekana. Vitu visivyotumika vilikuwa, kwa kukadiria kwa macho, kama theluthi ya shehena nzima. Mdogo wangu alitazama brashi zile akanyamaza. Nadhani suala la mkopo lilikwisha hapo.

Kilichofuata ni hesabu ya uzito, na hii madereva wengi huiruka. Magari haya hutengenezwa kwa kufuata kanuni za Japani za magari madogo: urefu usiozidi mita 3.4, upana usiozidi mita 1.48, kimo kisichozidi mita 2, na shehena isiyozidi kilo 350. Kiwango hicho cha shehena hupungua viti vya nyuma vinapokaliwa. Sasa, lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mdogo wangu alikuwa akitembea na madumu tisa ya lita 20, yaani kilo 180 za maji, zaidi ya nusu ya ruhusa yote kabla hata mashine haijapakiwa.

"Kaka, ukifika kwa mteja ukakuta bomba limekauka, siku nzima imepotea," alijitetea. Ana haki katika hilo, kwani hatuishi katika mji ambao maji hayakatiki. Shemeji ndiye aliyepata suluhisho: usiku wa kuamkia kazi humpigia mteja na kumuuliza kama maji yapo. Yakiwapo, gari huondoka na madumu matatu ya akiba. Yasipokuwapo, ndipo yanapakiwa mengi na watoto hutafutiwa usafiri mwingine siku hiyo.

Fundi seremala alikuja Jumatatu. Katika gari dogo la namna hii, sehemu inayoponyoka ni pale magurudumu ya nyuma yanapochomoza ndani ya bodi. Hapo vitu havilali sawa, na kila safari huporomoka. Fundi alitengeneza rafu ya plaiwudi iliyopita juu ya machomozo hayo kila upande, akaacha njia katikati. Chini ya rafu wakaingia mipira ya maji, nyaya za umeme na buti. Juu yake zikakaa kreti kuukuu za mikate, zenye sabuni, glavu na vitambaa. Ukingo wa rafu aliuinua kwa ubao mwembamba ili kreti zisiteleze kwenye kona. Madekio na mifagio mirefu, ambavyo awali vililazwa juu ya kila kitu na kukizuia kila kitu, alivipatia vipande vya bomba la plastiki vilivyofungwa kwenye dari. Mpini unachomekwa humo na sakafu inabaki huru. Kwa maoni yangu vipande hivyo vya bomba, vilivyookotwa kwenye mabaki ya ujenzi, vimeokoa nafasi kuliko rafu iliyolipiwa.

Mashine mbili, ya kuoshea na ya kufyonza maji, ziliwekwa chini kabisa, karibu na katikati ya gari, zikafungwa kwa mikanda. Vitu vizito vikikaa juu au nyuma kabisa, gari jepesi kama hili huyumba. Tena dereva akikanyaga breki ghafla, mashine isiyofungwa huja mbele kwa nguvu, na mbele ndiko waliko watu. Kwa sababu hiyo fundi aliweka pia ukuta wa plaiwudi baina ya viti na mizigo. Mdogo wangu aliulalamikia ukuta huo kwamba unamla nafasi. Mkewe hakujibu, alimwonyesha fundi mahali pa kupiga skurubu.

Tulibishana zaidi kuhusu dawa. Injini ya kirikuu imo chini ya viti vya mbele, na sakafu ya hapo hupata joto. Kwa hiyo chini ya kiti, ilipokuwa ile chupa, ni mahali pabaya kwa sababu mbili: mtoto anapafikia, na joto huharibu dawa. Jiki, kwa mfano, hupoteza nguvu yake ikikaa kwenye joto na mwanga. Lakini hatari kubwa ni jiki kukutana na dawa za vyoo zenye tindikali. Vikimwagikiana hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na koo na kuziba pumzi. Ndani ya gari lililofungwa vioo hakuna pa kuikimbilia. Hali kadhalika jiki haipatani na dawa zenye amonia, ambazo baadhi yake hutumika kusafishia vioo.

Basi yalinunuliwa masanduku mawili ya plastiki yenye vifuniko na kufuli. La jiki likawekwa upande wa kulia karibu na mlango wa nyuma, la tindikali upande wa kushoto. Funguo ziko kwa shemeji. Chupa zote za maji ya kunywa zilizokuwa na dawa zilimwagwa na kukatwakatwa, na tangu siku hiyo dawa haitoki katika chombo chenye maandishi yake. Mwenye mtoto aliyekwisha kumeza dawa ya namna hii asimlazimishe kutapika. Amsukutue kinywa na kumkimbiza hospitali pamoja na chombo chenyewe, ili daktari ajue anashughulika na nini.

Kuhusu vitambaa sikuhitaji kusema neno. Shemeji alikuwa na utaratibu wake kichwani siku nyingi, akikosa mahali pa kuutekeleza. Vyekundu ni vya choo, kijani vya jikoni, buluu vya sebuleni, na kila rangi ina kreti yake. Vikitumika huingia katika ndoo yenye mfuniko, wala havirudi rafuni kabla ya kufuliwa na kuanikwa. Brashi za mazulia ya msikiti zina mfuko wao pekee unaoning'inia mbali na vyote. "Siwezi kusimama mbele ya imamu nikamwambia nadhani brashi hii haijagusa choo," alisema.

Ngazi ndiyo iliyobaki bila makazi. Ndani haienei, na kukunjika haikunjiki. Kwa sasa husafiri juu ya paa, imefungwa kwa kamba, na kila wanapofika kwa mteja shemeji hushuka kwanza na kuitazama kama bado ipo.