Fahamu: Kwa nini betri kuukuu ya sola hukata roho masika Bukoba

Bukoba haina majira ya baridi. Iko karibu na Ikweta, mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Adui wa sola huku ni wingu. Mji huu hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi. Mawingu ya radi huzaliwa usiku juu ya Ziwa Victoria, kisha upepo wa kusini-mashariki huyasukuma hadi Bukoba na Muleba asubuhi, saa ambazo paneli ilipaswa kuanza kazi.

Ikiwa mpya, betri ya risasi na asidi huvumilia siku za mawingu kwa akiba yake. Kuukuu haina akiba hiyo. Ikikaa siku nyingi bila kujaa, fuwele za salfeti huganda kwenye bamba zake na nafasi ya kuhifadhi umeme hupungua. Ndipo taa huwaka vizuri saa moja jioni, na saa tatu nyumba i gizani.

Kipimo cha volti hakidanganyi: betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzishwa husoma karibu 12.7; ikisoma 12.0, zaidi ya nusu imekwisha.

Wengi hununua betri moja mpya na kuiunga na kuukuu. Ni hasara tupu, maana kuukuu huivuta mpya chini.

Masika punguza matumizi, televisheni kwanza. Ikiwa betri ni ya kuongezwa maji, ongeza yaliyosafishwa, kamwe si ya kisimani. Na betri iliyokufa usiipasue shambani, kwenye migomba: risasi ni sumu.