Viunganishi vya Kiingereza na Sikio la Mswahili

Kijana mmoja aliyekuwa akitafuta kazi ya ukarani aliniletea barua yake ya Kiingereza niitazame kabla hajaipeleka posta, na katika barua ile, ambayo mwandiko wake ulikuwa safi na adabu yake timamu, nilikuta sentensi hii: "Although I am young, but I am hardworking." Nilipoifuta "but" alistaajabu, akadhani nimeipunguzia kauli yake nguvu, kwa kuwa sikioni mwake "Ingawa mimi ni kijana, lakini ni mchapakazi" ni kauli iliyotimia, wala sikuwa na haki ya kumlaumu, kwani kwa Kiswahili ndivyo tusemavyo sote.

Kiingereza kina viunganishi saba ambavyo huunga vishazi vyenye daraja sawa, navyo ni "for", "and", "nor", "but", "or", "yet" na "so", ijapokuwa hicho cha kwanza, kwa maana ya "kwani", siku hizi hukutwa vitabuni zaidi kuliko vinywani. Kisha kuna kundi kubwa la akina "although", "because", "if", "when" na "unless", ambalo kazi yake ni kukifanya kishazi kimoja kiegemee kingine. Kishazi kilichotiwa "although" kimekwisha kuegemea, ilhali "but" hutaka kila upande usimame kwa miguu yake. Basi kuvitia vyote viwili ni kumwambia mtu aegemee ukuta na papo hapo asiuguse. Kadhalika "because" na "so": aandikaye "Because I was sick, so I did not come" ametaja sababu mara mbili.

Asili ya taksiri hizi, kwa maoni yangu, si uvivu wa wanafunzi, bali ni hulka ya lugha yetu, ambayo aghalabu huficha kiunganishi ndani ya kitenzi chenyewe. Tusemapo "Akija mwambie", hapana neno la pekee lililosimama mahali pa "if". Ni silabi moja tu, -ki-, iliyobeba sharti lote. Tusemapo "Nitakapofika nitakuandikia", -po- imebeba wakati, na -taka- iliyoitangulia imebeba mambo yajayo, ndiyo maana mtu aliyesoma hata akahitimu huandika "When I will arrive, I will write to you", akitafsiri kila kiungo cha kitenzi kwa uaminifu mkubwa. Kiingereza hapo hukataa: mambo yajayo yakishatajwa katika kishazi kikuu, baada ya "when" hutosha kusema "I arrive". Katika makosa yote niliyosahihisha, hili ndilo sugu kupita yote.

Neno "unless" nalo lina hila yake, kwa kuwa ukanusho umo tumboni mwake tangu asili. "Usipolipa" ni "unless you pay", wala si "unless you do not pay", ambayo humgeuzia mdeni maneno yakawa kinyume cha madhumuni. Na "nor", ambayo ni jamaa wa karibu wa "wala" yetu tuliyoipokea kwa Waarabu pamoja na "lakini", "au", "bali" na "ila", hupindua mpango wa maneno yanayoifuata: "I do not smoke, nor do I drink."

Walimu wengi wamewakataza wanafunzi kuanza sentensi kwa "and", katazo ambalo sikuliona katika sarufi yenyewe. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James, sura ya kwanza ya Mwanzo ina aya 31, na 29 kati ya hizo zaanza kwa neno hilo hilo. Mswahili asimuliapo kisa cha namna hiyo hana haja nalo, maana -ka- yake hufuatanisha mambo yote, akaenda, akanunua, akarudi.

Msomaji akipenda kujijaribu, na achukue barua yake ya mwisho ya Kiingereza, apige mstari chini ya kila "although" na kila "because", kisha atazame ng'ambo ya mkato kama hapana "but" au "so" inayomngoja.