Mkanda wa Dakika Tatu: Hesabu Kwanza, Kamera Baadaye

Mwanafunzi wa Arua au Koboko atakaye kutengeneza sinema kwa mkanda wa filamu, naye fedha hana, hana budi kuiga askari aliyepewa risasi za kuhesabu: asifyatue kabla ya kulenga.

Mkanda wa milimita 16 wenye futi 100 hubeba picha 4,000. Kamera hupitisha picha 24 kila sekunde. Hivyo mkanda wote humalizika kwa dakika 2 na sekunde 46. Atakaye kuonyesha soko la Arua na safari ya Koboko na aandike kila tukio na sekunde zake, kisha afanye mazoezi kamera ikiwa tupu.

Mkanda wa rangi una taabu. Wa nyeusi na nyeupe waweza kusafishwa nyumbani, katika chumba kisichopitisha mwanga hata kidogo: dawa ya kutokeza picha, maji ya kusuuza, dawa ya kuikaza, kisha maji mengi. Mwaka 1995 wanafunzi wa chuo kimoja cha Rochester, Marekani, walitokeza picha kwa kahawa ya kuyeyuka na magadi ya kufulia.

Kwa kawaida dawa hutumiwa katika nyuzi 20. Ikiwa ya moto, picha hukolea kupita kiasi, na utando wake hulainika ukakwaruzika. Hapo mtungi wa udongo, upozao maji bila umeme, ni msaada mkubwa. Mkanda uanikwe mbali na vumbi.

Kipande kifupi kijaribiwe kwanza. Kikiharibika, zimepotea sekunde chache. Ukiharibika mkanda mzima, harusi ya dada haitarudiwa, wala uso wa babu aliyekwisha fariki.