Je, wajua? Kijani cha Tshangalele ni namba tatu tu

Piga picha ya mafunjo kwenye kingo za Ziwa Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha kwenye mto Lufira, kisha uifungue kwenye kompyuta mbili mjini Likasi. Kwenye moja mafunjo ni kijani kibichi. Kwenye nyingine yanaelekea samawati. Kamera haina kosa. Ndani ya faili hamna kijani chochote, bali namba tatu kwa kila nukta: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Namba 140 inaiamuru skrini iwashe rangi kwa kiasi fulani, na kila skrini ina kiasi chake.

Ni kama meka, yaani makopo ya kupimia unga sokoni: zote huitwa meka, lakini hazijai sawa. Anayejua upungufu wa meka ya muuzaji fulani hujua aongeze kiasi gani. Kwa skrini, taarifa hiyo hukaa katika faili dogo liitwalo profaili ya rangi. Mpimaji hubandika kipimarangi kwenye kioo, programu huonyesha rangi moja baada ya nyingine, kisha huandika ni rangi gani hasa iliyotoka, kwa vipimo vya macho ya binadamu vilivyowekwa na CIE, tume ya kimataifa ya mwanga, mwaka 1931. Mfumo wa mafaili hayo husimamiwa na muungano wa ICC, ulioanzishwa mwaka 1993 na kampuni nane, zikiwemo Apple, Adobe, Kodak na Microsoft. Kila profaili ina kichwa cha baiti 128, na humo mna herufi nne za utambulisho: acsp.

Je, anayetaka kuweka profaili bila nywila ya msimamizi afanyeje? Kompyuta za shule, ofisi na vibanda vya intaneti mara nyingi huwa na akaunti zenye mipaka. Zamani kwenye Windows mpangilio wa rangi ulikuwa mmoja kwa wote. Tangu Windows Vista, kila mtumiaji anaweza kuwa na wake: hufungua sehemu ya usimamizi wa rangi, huchagua skrini yake, huweka alama ya kutumia mipangilio yake mwenyewe, kisha huongeza profaili. Kwenye macOS, folda ya Library ya mtumiaji ina nafasi ya ColorSync; faili likiwekwa humo halimgusi mwingine.

Hapa pana mtego. Fundi akija akafungua sehemu ya usimamizi wa rangi ya Windows kwa nywila ya msimamizi, profaili anayoiongeza yaweza kuingia kwenye akaunti ya msimamizi, siyo yako. Ukirudi kazini, mafunjo bado ni samawati. Msimamizi anahitajika pale unapotaka kubadili mpangilio wa msingi wa watumiaji wote.

Kumbuka pia kwamba profaili huieleza skrini, siyo kompyuta. Skrini ikibadilishwa, profaili ya zamani huanza kudanganya. Wala haiongezi uwezo: skrini isiyoweza kutoa kijani kikali cha jiwe la malakiti haitakitoa, hata ikipewa profaili bora kiasi gani.