Metabolomiki: Kemikali za mwili zinavyoweza kufichua maradhi

Na Mwandishi Wetu

KATIKA karne ya 17, daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika kuhusu utamu wa mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Wakati huo, kipimo kilikuwa ulimi.

Hivi sasa wanasayansi hupima mamia ya kemikali kwa pamoja katika tone la damu au mkojo. Taaluma hiyo huitwa metabolomiki.

Kemikali hizo, zikiwamo sukari, mafuta na asidi amino, hutokana na kazi ya mwili ya kumeng'enya chakula, kujenga misuli na kupambana na maradhi. Jeni hueleza yanayoweza kutokea mwilini. Kemikali hizi huonyesha yanayotokea sasa.

Manufaa yake yameonekana kwa watoto wachanga. Katika nchi kadhaa, tone la damu kutoka kisiginoni huingizwa katika mashine inayopima uzito wa molekuli, na maradhi mengi ya kurithi hugunduliwa kwa mara moja. Mojawapo ni fenilketonuria, ambayo huharibu ubongo iwapo mtoto hataanzishiwa mapema chakula maalumu.

Hata hivyo, si kila matumaini hutimia. Februari 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza katika jarida la Nature kuwa kemikali iitwayo sarkosini huongezeka kadiri saratani ya tezi dume inavyosonga mbele, na kwamba huonekana katika mkojo. Ilitarajiwa kuwa kipimo hicho kingewapunguzia wanaume adha ya kukatwa kinyama cha tezi kwa uchunguzi. Mwaka 2010, watafiti wa Ujerumani walipima mkojo wa wagonjwa na kukuta kuwa sarkosini haiwatofautishi wenye saratani na wasio nayo.

Ugumu ni kwamba kemikali hizi hubadilika kwa chakula, dawa, saa ya siku, hata namna sampuli inavyohifadhiwa. Aidha, nyingi hazijatambuliwa. Orodha iliyoanzishwa nchini Kanada mwaka 2007 ilikuwa na kemikali zipatazo 2,500. Kufikia 2022 zilizidi 200,000, lakini nyingi kati yake zinakisiwa tu kuwapo mwilini.

Kwa hiyo, mustakabali wa metabolomiki hautegemei mashine peke yake. Kila kipimo kipya hakina budi kurudiwa na maabara nyingine, kwa watu wa mataifa na vyakula tofauti, kabla daktari hajakitumia kuamua tiba ya mgonjwa.