Punje Zilizogoma Kutoka

Wajukuu zangu wa Nyamigogo, leo siwasimulii sungura wala fisi. Nawasimulia punje zilizoingia katika miili ya watu zikagoma kutoka.

Safari ya mgonjwa wa rufaa mnaijua. Anatoka kijijini hadi Biharamulo mjini, na akihitaji vipimo vikubwa huenda akafikishwa Bugando, Mwanza; siku hizi gari linapita darajani Kigongo–Busisi, hakuna kungoja kivuko. Huko, kabla ya kuingizwa kwenye mashine ya picha, pengine atachomwa sindano ya dawa ya kufanya viungo vya ndani vionekane. Maana eksirei huonyesha mfupa vizuri, lakini ini na mishipa ya damu hufifia. Baadhi ya dawa hizo duniani hutengenezwa kwa chembe za nano. Shika rula yako, tazama milimita moja, uigawe vipande milioni moja. Kipande kimoja ndicho nanomita.

Kuanzia miaka ya 1930, hospitali za Ulaya, Marekani na Japani zilitumia dawa ya namna hiyo iitwayo Thorotrast. Ndani yake mlikuwa na chembe za madini ya thoriamu. Daktari Egas Moniz wa Lisbon aliitumia kupiga picha mishipa ya ubongo. Picha zilitoka safi, mgonjwa hakusikia maumivu, akarudi kwake. Nani angelalamika?

Thoriamu ilibaki. Figo huchuja damu, lakini hupitisha chembe ndogo mno tu, kama za nanomita 6 kushuka chini. Zilizozidi hapo hukamatwa na seli za ini na bandama, zikamezwa ili zivunjwevunjwe. Thoriamu haikuvunjika. Tena hutoa mionzi, na nguvu yake hupungua nusu baada ya miaka bilioni 14! Basi ini la mtu yule likapigwa mionzi usiku na mchana, maisha yake yote. Miaka 20 au 30 baadaye, watu waliokwisha kuisahau ile sindano wakaanza kuugua saratani ya ini. Dawa iliachwa miaka ya 1950, na waliochomwa walikwisha kuwa mamilioni.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu mionzi ya thoriamu ilijulikana tangu 1898. Uzuri wa picha uliwateka wataalamu. Punje zitatoka lini, wengi hawakuuliza.

Je, tukimbie kila sindano ya picha? La hasha. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hutumia teknetiamu, ambayo nayo hutoa mionzi. Lakini nguvu yake hupungua nusu kila saa 6. Pigeni hesabu: baada ya siku moja imebaki sehemu 1 kati ya 16. Hata ikibandikwa kwenye chembe zinazonaswa na ini lilelile, haikai kulitesa.

Ziko pia chembe za chuma. Hizi mwili huzivunja, na chuma chake kikajenga damu. Dawa moja ya aina hiyo, ferumoxytol, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu, na madaktari huitumia pia kwenye picha za MRI. Hata hivyo mwaka 2015 lilitolewa onyo kali, kwani wagonjwa wachache walipatwa na mzio wa kuua. Sasa hutolewa polepole kwa dripu, dakika zisizopungua 15, kisha mgonjwa huangaliwa dakika 30 nyingine.

Siku ukimsindikiza bibi kupiga picha, usikae kimya. Kabla ya sindano mwambie mtaalamu kama bibi ana tatizo la figo, au kama dawa yoyote iliwahi kumdhuru. Muulize dawa hiyo ni ipi na itatokaje mwilini. Ikishaingia, bibi akiwashwa, akivimba uso au kifua kikimbana, mwite muuguzi papo hapo.