Mtandao Usioahidi Kitu

Simulizi inayosikika mara nyingi kuhusu chimbuko la intaneti husema kwamba ilibuniwa na jeshi la Marekani ili mawasiliano yake yasikatike hata nchi ikishambuliwa kwa mabomu ya nyuklia, na simulizi hiyo inachanganya mambo mawili yaliyotokea mahali tofauti na kwa sababu tofauti. Hofu ya nyuklia ilikuwepo kweli, nayo ilizaa wazo muhimu lililobaki kwenye makaratasi kwa miaka kadhaa. Mtandao uliojengwa hatimaye ulitokana na haja ya kawaida zaidi, kwamba kompyuta zilikuwa chache na ghali mno, na watafiti walitaka kuzitumia kwa pamoja. Jambo ambalo simulizi hiyo huliacha kabisa ni uamuzi wa kihandisi uliofanywa baadaye, katika miaka ya 1970, wa kuunganisha mitandao bila kuitaka iahidi chochote, na uamuzi huo unaeleza mengi kuhusu intaneti ya leo kuliko bomu lolote.

Ili kuuelewa uamuzi huo ni lazima kwanza kuangalia jinsi simu ilivyofanya kazi. Mtu alipopiga simu katika miaka ya 1960, mitambo ya kampuni ya simu iliunganisha njia kamili kutoka kwake hadi kwa aliyepigiwa, na njia hiyo, iitwayo saketi, ilitengwa kwa ajili ya hao wawili hadi mmoja wao alipokata, wawe wanazungumza au wamenyamaza. Kwa maongezi ya binadamu utaratibu huo ulifaa. Kompyuta, hata hivyo, hutuma data kwa mikupuo, hukaa kimya kwa sekunde kadhaa, hutoa data nyingi kwa mara moja, kisha hunyamaza tena, kiasi kwamba saketi inayolipiwa kila dakika hukaa bure kwa muda mwingi. Zaidi ya hayo, saketi ikikatika popote njiani, mawasiliano yote huishia hapo.

Udhaifu huo wa pili ndio uliomshughulisha Paul Baran, mhandisi wa shirika la utafiti la RAND huko Santa Monica, California, ambaye mwaka 1964 alichapisha mfululizo wa ripoti kuhusu mtandao usio na kitovu. Baran alipendekeza vituo vingi viunganishwe kwa njia nyingi, kila ujumbe ukatwe vipande vidogo, na kila kituo kikipokea kipande kiamue chenyewe kwa wakati huo ni njia ipi iliyo wazi, kisha kikisukume mbele haraka. Hesabu zake zilionyesha kwamba hata kila kituo kikiwa na njia tatu au nne tu, mtandao ungeendelea kufanya kazi baada ya sehemu kubwa ya vituo kuharibiwa. Wahandisi wa AT&T, kampuni iliyomiliki karibu mfumo wote wa simu za masafa marefu nchini Marekani, walilikataa wazo hilo, na mradi haukujengwa. Upinzani wao si wa kudharauliwa: walikuwa wameendesha mtandao mkubwa kuliko wote duniani kwa miongo mingi, na hapa alitokea mtu aliyetaka ujumbe uvunjwevunjwe kwa makusudi.

Mwaka 1965, ng'ambo ya Atlantiki, Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, Uingereza, alifikia wazo lilelile bila kujua kazi ya Baran. Yeye hakuwa akifikiria vita. Alisumbuliwa na udhaifu wa kwanza, yaani saketi zilizokaa bure huku watumiaji wengi wakisubiri kompyuta moja. Ndiye aliyekiita kipande kimoja cha ujumbe pakiti, jina lililobaki hadi leo, na urefu aliouchagua ulikuwa biti 1,024, sawasawa na aliouchagua Baran, biti ikiwa ni alama moja ya sifuri au moja. Mfumo wenyewe unafanana na kukichana kitabu kurasa na kuzituma Mwanza kutoka Tanga kwa mabasi tofauti, kila ukurasa ukiwa ndani ya bahasha yenye anwani na namba yake: baadhi zitapitia Dodoma, nyingine zitachelewa Singida, lakini mpokeaji atazipanga upya kwa kufuata namba, na ukikosekana mmoja ataomba huo peke yake.

Fedha za kujenga mtandao wa aina hiyo zilitoka ARPA, shirika la utafiti lililoundwa mwaka 1958 chini ya Idara ya Ulinzi ya Marekani baada ya Wasovieti kurusha setilaiti ya Sputnik mwezi Oktoba 1957. Mkuu wa kwanza wa ofisi yake ya kompyuta, mwanasaikolojia J. C. R. Licklider, alikuwa ameandika tangu mwaka 1963 juu ya ndoto ya kuunganisha kompyuta za watafiti wote. Robert Taylor, aliyeishika ofisi hiyo mwaka 1966, aliikuta ndoto hiyo katika sura ya kero ya kila siku: ndani ya jengo la Pentagon alikuwa na terminali tatu, yaani vifaa vya kuchapia vilivyounganishwa na kompyuta za mbali, moja ya Santa Monica, ya pili ya Berkeley na ya tatu ya chuo cha MIT, kila moja ikiwa na amri zake, na kuhama kutoka moja hadi nyingine kulimlazimu kuhama kiti. Taylor aliomba fedha za kuziunganisha akapewa, kisha akamleta Lawrence Roberts kusimamia kazi. Mwezi Oktoba 1967, katika mkutano wa wataalamu huko Gatlinburg, Tennessee, Roberts alimsikia Roger Scantlebury akieleza kazi ya kundi la Davies, na kupitia Waingereza hao alielekezwa kwenye ripoti za Mmarekani mwenzake, Baran.

Vyuo vilivyotakiwa kujiunga havikufurahia kuona kompyuta zao zikibebeshwa mzigo wa kusafirisha data za wengine. Wesley Clark ndiye aliyetoa ufumbuzi: kila chuo kipewe kompyuta ndogo ya pembeni, inayofanana na nyingine zote, ambayo kazi yake pekee ni kupokea na kupitisha pakiti. Kompyuta hizo ziliitwa IMP, na zabuni ya kuzitengeneza ilikwenda kwa kampuni ya Bolt Beranek and Newman ya Cambridge, Massachusetts, iliyotumia mashine za Honeywell 516 zenye kabati la chuma la kijeshi na uzito wa kilo 400 hivi. Kila IMP ilihifadhi nakala ya pakiti hadi IMP iliyofuata ikiri kuipokea, na kwa namna hiyo mtandao wenyewe ulibeba dhamana ya kufikisha. Dhamana hiyo ni ya kukumbukwa, maana ndiyo itakayoondolewa baadaye.

IMP ya kwanza ilifika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa Agosti 1969, na ya pili ilifungwa Oktoba katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, kama kilomita 500 kaskazini. Usiku wa Oktoba 29, mwanafunzi Charley Kline, aliyefanya kazi chini ya Profesa Leonard Kleinrock, alijaribu kuingia katika kompyuta ya Stanford kwa kuchapa amri ya LOGIN, huku Bill Duvall akiwa kwenye simu upande wa pili akithibitisha kila herufi. L ilifika, O ikafika, na ilipochapwa G mfumo wa Stanford ukaanguka. Sababu yake ilikuwa ndogo: mfumo huo ulikuwa na kawaida ya kuimalizia amri ukishaitambua, ukajaribu kurudisha herufi kadhaa kwa mpigo kwa programu iliyotarajia herufi moja moja. Hitilafu ilirekebishwa, muunganisho ukakamilika baada ya muda wa saa moja hivi, na daftari la kumbukumbu la Los Angeles linaonyesha tukio hilo kwa mstari mmoja wenye saa 4:30 usiku. Hadi mwisho wa mwaka vituo vya Santa Barbara na Utah vilikuwa vimeongezwa, na mtandao huo wa ARPA, ulioitwa ARPANET, ukawa na vituo vinne.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Wanafunzi waliopewa jukumu la kuandika itifaki, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapowasiliana, walikuwa wameanza tangu mwezi Aprili 1969 kusambaziana hati zilizoitwa kwa unyenyekevu maombi ya maoni, ya kwanza ikiandikwa na Steve Crocker, na hadi leo viwango vya intaneti hutolewa katika mfululizo huohuo. Mwaka 1971 Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao huo, akatumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. ARPA haikuwa imeagiza barua pepe. Watumiaji waliipokea kwa pupa, na muda si mrefu ikawa sehemu kubwa ya data iliyopita.

Tatizo gumu lilijitokeza pale mitandao ilipozidi mmoja. Robert Kahn, aliyehamia ARPA mwishoni mwa 1972, alisimamia mtandao wa redio na mwingine wa setilaiti pamoja na ARPANET yenyewe, na mitatu hiyo ilitofautiana kwa kasi, kwa ukubwa wa pakiti na kwa uaminifu, kwani gari lenye redio likiingia chini ya daraja pakiti hupotea na hakuna IMP ya kuzirudisha. Mwaka 1973 Kahn alimfuata Vinton Cerf wa Chuo Kikuu cha Stanford ili watafute lugha moja ya mitandao hiyo. Nchini Ufaransa, Louis Pouzin alikuwa tayari anajenga mtandao wa CYCLADES kwa msimamo uliowashangaza wengi: mtandao usihakikishe kitu, usafirishe kila pakiti kadiri uwezavyo, na ikipotea au ikifika nje ya zamu, kompyuta zilizo kwenye ncha zishughulikie. Gérard Le Lann, aliyefanya kazi katika mradi huo, alikwenda Stanford kushirikiana na Cerf, na athari ya msimamo wa Pouzin inaonekana wazi katika makala ya Cerf na Kahn ya Mei 1974.

Katika muundo wao hakuna mtandao uliolazimishwa kubadilika ndani ili uunganishwe. Kati ya mtandao na mtandao huwekwa lango, kompyuta inayosoma anwani ya pakiti na kuipitisha bila kukumbuka kwamba imewahi kupita, ilhali kompyuta mbili zinazowasiliana ndizo zinazohesabu, kukiri kupokea na kutuma upya kilichopotea. Mashirika ya simu, hasa ya serikali za Ulaya, yaliuona mpango huo kuwa uzembe, na mwaka 1976 yalipitisha kiwango chao cha X.25, ambamo mtandao hufungua njia na kuidhamini mithili ya simu. Pouzin mwenyewe alikosa fedha pale Ufaransa ilipoelekeza nguvu zake kwenye mtandao wa shirika lake la posta na simu. Haki itendeke kwa upande huo: X.25 ilifanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Kasoro yake ni kwamba kila mtandao uliotaka kujiunga ulitakiwa kutoa ahadi zilezile, na mitandao iliyoweza kufanya hivyo ilikuwa michache.

Jaribio lililoondoa shaka lilifanyika Novemba 22, 1977, ambapo gari dogo la mizigo lililojaa vifaa vya redio lilikuwa barabarani karibu na San Francisco likituma pakiti. Pakiti hizo zilipita mtandao wa redio, zikaingia ARPANET, zikavuka Atlantiki hadi Norway na London, zikarudi Marekani kwa setilaiti na kuishia Los Angeles, safari iliyozidi kilomita 100,000 ikijumlishwa na kupanda na kushuka angani, ili kufika mahali palipokuwa mwendo wa siku moja tu kwa gari lilelile.

Mwaka 1978 itifaki ya Cerf na Kahn iligawanywa sehemu mbili: IP ikabaki na kazi finyu ya anwani na usafirishaji, na TCP ikabeba uhakika wa kufikisha, ikiishi katika kompyuta za kwenye ncha peke yake. ARPANET yote iliamriwa kuhamia huko ifikapo Januari 1, 1983, na kwa kuwa wasimamizi wengi walisuasua, katikati ya 1982 itifaki ya zamani ilizimwa kwa siku nzima ili waliozembea waonje.

Mwezi Oktoba 1986 mtandao usioahidi kitu ulikaribia kuangushwa na tabia yake wenyewe. Kompyuta zilizokosa majibu zilituma pakiti upya, pakiti hizo ziliongeza foleni kwenye malango, foleni ilisababisha pakiti zaidi kutupwa, na kompyuta zikatuma tena. Kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali wa mita zisizofika 400, kasi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Van Jacobson wa maabara hiyo, akishirikiana na Michael Karels, hakuyagusa malango. Alibadilisha TCP ili kompyuta ianze kutuma polepole, iongeze kidogokidogo, na ikiona pakiti imepotea ichukulie kwamba njia imejaa na ipunguze mara moja. Marekebisho hayo yalisambazwa mwaka 1988 pamoja na toleo la mfumo endeshi wa Unix wa Berkeley, na kila aliyelipokea toleo hilo akaanza kuwapisha wengine bila lango lolote kuambiwa kwamba kuna kilichobadilika.